Kijana hayupo nyumbani saa nne asubuhi: jinsi ya kufanya utafiti wa elimu na maisha ya vijana Dar es Salaam

Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea niliifanya Mbagala. Nilikuwa na wadodosaji sita. Walikuwa wanaingia mitaani saa tatu asubuhi na kutoka saa tisa alasiri, siku tano mfululizo. Dodoso zikajaa, nikafurahi. Nilipokaa kuzipitia usiku nikaona waliojibu karibu wote ni mabinti wenye watoto wachanga, vijana wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne, na wawili watatu waliokuwa wanaumwa. Mteja alikuwa ameuliza habari za vijana wanaohangaikia riziki, na hao walikuwa wametoka tangu alfajiri. Mzunguko wa pili niliulipia mwenyewe.

Tangu siku ile nafanya kazi nikiamini kwamba kijana unayempata kirahisi mara nyingi siye uliyetumwa kumtafuta. Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu anayeanza kazi hii, awe mhitimu aliyepata kandarasi ndogo ya ushauri au mfanyakazi wa asasi aliyeambiwa "tufanyie utafiti wa vijana".

1. Isome hadidu za rejea, kisha mpigie mteja

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayokupa mteja, nyingi husema utafiti utasaidia "kuelewa hali ya vijana". Dar ina watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022, na hakuna mtu atakayeielewa hali yao kwa siku 30 za kandarasi. Kabla ya kuandika bei, muulize mteja: ripoti ikishatoka, nani ataamua nini? Akisema "tunataka kujua kama tufungue darasa la ushonaji au la ufundi simu Temeke", hapo una utafiti. Akisema "wafadhili wanataka ripoti", kazi bado ni kazi, ila mshawishi achague swali moja.

Papo hapo kubalianeni kijana ni nani. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake huhesabu 15 hadi 24. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo binti wa miaka 16 ni kijana kwa sera na mtoto kwa sheria, na mwanamume wa miaka 34 anaweza kuwa kijana mwenye mwanawe darasa la saba. Mimi hugawa 15–17, 18–24 na 25–35, na siwachanganyi kwenye jedwali moja hata mteja akitaka namba fupi ya kuweka jaladani.

2. Usilipwe kutafuta kilichokwisha kupatikana

Siku mbili za kusoma hazitoshi, lakini ni bora kuliko sifuri. Anza na Sensa ya 2022, kisha Utafiti wa Nguvukazi wa 2020/21 wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, halafu takwimu za elimu zinazotolewa na TAMISEMI. Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yako wazi, shule kwa shule, na kwa shule za kata za eneo lako utaona wangapi walipata daraja la kwanza na wangapi ziro.

Ila NECTA inakuonesha waliofika kwenye chumba cha mtihani. Aliyeishia kidato cha pili hayumo. Ukitaka kumwona, omba kwa mkuu wa shule rejista ya walioingia kidato cha kwanza mwaka fulani, uilinganishe na waliofanya mtihani wa kidato cha nne miaka mitatu na ushee baadaye, ukitoa waliohama na waliokariri darasa. Ni kazi ya kuchosha, unakaa na vitabu vyenye vumbi kwenye ofisi ya taaluma, na wakati mwingine ndiyo inayotoa ugunduzi pekee wa maana kwenye ripoti nzima.

3. Vibali na mihuri

Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iko Kijitonyama, kituo cha Sayansi. Mtafiti kutoka nje ya nchi lazima apitie pale, na Mtanzania aliye chuoni huanzia kwa barua ya chuo chake. Utafiti ukigusa afya, mfano VVU au afya ya akili, kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kama unakusudia kutangaza takwimu, isome Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho yake, na uongee na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mapema badala ya kungoja ripoti iwe mezani.

Baada ya hapo barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa. Kila ngazi ina mhuri wake na "njoo kesho" yake. Tembea na nakala kumi za kila barua. Usiwaahidi wadodosaji tarehe ya kuanza kabla barua ya halmashauri haijatoka, maana watu wataacha vibarua vyao wakikungoja wewe.

Mtaani utakabidhiwa kwa mjumbe. Mheshimu, kwani anazijua nyumba zote na nani kahamia lini. Akuoneshe mipaka, akutambulishe kwa wenye nyumba, kisha mshukuru na umwombe akapumzike. Mjumbe akikaa kwenye mahojiano, kila kijana atakuambia mtaa una amani na yeye hajawahi kuvuta kitu.

4. Wapi, na saa ngapi

Hapa ndipo utafiti wa vijana hufa au hupona.

Hesabu ya kitabuni inasema watu 385 wanatosha ukikubali kosa la asilimia 5 kwa uhakika wa asilimia 95. Hiyo ni kama umewachagua mmoja mmoja kutoka orodha ya jiji zima, na orodha hiyo huna. Ukichagua mitaa kwanza, halafu kaya ndani ya mitaa, watu wa mtaa mmoja huwa wanafanana, kwa hiyo watu wa fani huzidisha kwa mbili hivi, inakuwa 770. Bajeti ikikataa, usipunguze kimyakimya. Mwambie mteja kwamba utazungumzia kata tatu na si Dar nzima.

Ukiorodhesha kaya, usiulize "hapa kuna vijana wangapi?" Utatajiwa watoto wa nyumba tu. Tumia swali la sensa, ambalo watu wameshalizoea: nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo? Kisha ongeza kwa sauti ya kawaida: "pamoja na dada wa kazi, na mgeni kama yupo". Dada wa kazi ana miaka 17, katoka mkoani, hajamaliza shule, naye ndiye mradi mzima unamhusu. Usipomtaja wewe, mama mwenye nyumba hatamtaja.

Ratiba yangu ya sasa kwa kaya ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, kisha saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu, na Jumapili yote. Kazi ya usiku uswahilini siifanyi, kwa usalama wa wadodosaji na wa vishikwambi. Nyumba ambayo kijana hayupo hurudiwa mara tatu kabla ya kuachwa, na hairuhusiwi kubadilishwa na ya jirani. Mdodosaji aliyechoka hupenda sana nyumba ya jirani.

Hata hivyo kuna ambao nyumbani hawapatikani kabisa: bodaboda, makonda, wabeba mizigo wa Kariakoo, wanaolala kwenye magodauni. Kwa hao tengeneza orodha ya pili, ya vijiwe. Tembea kata nzima siku mbili ukiandika kila kijiwe, stendi, sehemu ya kuoshea magari, saluni na banda la mpira, pamoja na saa ambazo kina watu. Chagua vijiwe na saa kwa kura. Kila utakayemhoji muulize analala mtaa gani, na kwa wiki hukaa vijiwe vingapi, kwa sababu anayezunguka vijiwe vinne ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nawe na uzito wa majibu yake lazima upunguzwe wakati wa uchambuzi.

Angalia kalenda pia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mitaa ya mabondeni haipitiki. Mwezi wa Ramadhani saa za jioni hazifai. Halafu kuna hili la mitihani: kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, kidato cha tano huanza Julai. Ukifanya utafiti Machi utakutana na kundi kubwa linalosema "nasubiri". Ukiwahesabu kama vijana wasio shuleni, kazini wala mafunzoni, tatizo litaonekana kubwa, na Agosti wengi wao watakuwa hawapo tena kwenye kundi hilo. Weka jibu la "nasubiri" kwenye dodoso, na uulize anasubiri nini.

5. Dodoso: liandike kwa Kiswahili tangu mwanzo

Dodoso lililoandikwa Kiingereza na kutafsiriwa usiku mmoja hujulikana kwa sentensi ya kwanza. Nimewahi kukabidhiwa moja lenye swali hili: "Ni kwa kiwango gani unajihisi kuwezeshwa kufanya maamuzi kuhusu mustakabali wako?" Kijana wa Vingunguti alimtazama mdodosaji, akasema, "Weka katikati hapo." Na wote waliofuata wakawekewa jibu la katikati. Tungeuliza "Mara ya mwisho kuamua jambo kubwa la kazi au masomo, nani alikuwa na kauli ya mwisho?" tungepata jina la mjomba.

Hata dhana yenyewe ya utafiti ina neno lake mtaani. Mteja ataandika "nafasi za maisha". Kijana anaita kutoboa. Muulize nani mtaani kwao ametoboa na alianzia wapi, utapata nusu saa ya maelezo bila kuuliza la pili.

Swali la kazi ndilo linaloharibu tafiti nyingi. Manzese nilisimama karibu na mdodosaji wangu akimhoji kijana aliyekuwa anasugua raba za mtumba kwa mswaki na sabuni ya unga, jozi zimepangwa juu ya kiroba. Akaulizwa, "Una ajira?" Akajibu, "Sina bro, nipo nipo tu." Mdodosaji akabonyeza "hana", mkono ukiwa umeshaenda kwenye swali linalofuata. Nikamwomba arudi nyuma na aulize hivi: "Jana, tangu umeamka mpaka umelala, ulifanya nini kilichokuingizia hela?" Ikawa alfajiri alikuwa Karume kuchagua raba, mchana kauza jozi nne, jioni kapiga deiwaka, kibarua cha siku, ya ukonda mpaka saa tatu usiku. Kwa vijana wengi hapa ajira ina mkataba na mshahara wa mwezi. Vingine vyote ni mishemishe.

Kwa hiyo uliza shughuli, usiulize cheo. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani kinamhesabu mtu ana kazi akiwa amefanya kazi ya kipato walau saa moja ndani ya siku saba. Ukikitumia, karibu kila kijana utakayekutana naye ana kazi, na mteja atashangaa. Kitumie, lakini kando yake weka saa alizofanya na kiasi kilichobaki mkononi.

Na hicho "kilichobaki" kina namna yake ya kuulizwa. Bodaboda ukimuuliza anaingiza ngapi kwa siku atakutajia hela yote iliyopita mkononi mwake. Muulize: "Ukishatoa hesabu ya bosi na mafuta, unabakiwa na ngapi?" Kisha uliza kama pikipiki ni ya hesabu (anampelekea bosi kiasi walichokubaliana), ya mkataba au yake. Aliye kwenye mkataba anabaniwa leo ili pikipiki iwe yake akimaliza marejesho, na kumweka kapu moja na wa hesabu ni kosa la uchambuzi linaloanzia kwenye swali.

Upande wa shule, usiulize "ulilipa ada?" Tangu Januari 2016 ada imefutwa kuanzia awali hadi kidato cha nne kwenye shule za serikali, na kabla ya hapo sekondari ya kutwa ilikuwa Sh20,000 kwa mwaka. Aliyeingia kidato cha kwanza 2015 na aliyeingia 2017 wamepita shule mbili tofauti, kwa hiyo mwaka wa kuingia ni swali la lazima. Kisha taja vitu kimoja kimoja: sare, madaftari, nauli, tuisheni, rimu ya karatasi, chakula cha mchana. Hapo ndipo utaona kwamba kijana wa Chanika hakushindwa na ada, alishindwa na nauli ya kila siku na konda asiyetaka kupakia wanafunzi.

"Kwa nini uliacha shule?" lina sauti ya polisi, na jibu lake ni "mambo ya familia". Mimi huomba anisimulie siku ya mwisho aliyokwenda shuleni: alivaa nini, alirudi saa ngapi, nani alijua kwamba kesho yake hatakwenda. Kwa mabinti, zingatia mwaka. Waraka wa kurejea shuleni waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, ulitoka Novemba 2021. Aliyetoka kabla ya hapo na aliyetoka baada ya hapo wana visa viwili. Wa pili muulize kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kurudi. Wengine watakujibu kwa kukuuliza wewe: "Kwani inaruhusiwa?"

Pia usifungie majibu kwenye "anasoma" na "ameacha". Kuna anayeuza vitafunwa mchana na jioni anasomea QT, mtihani wa maarifa. Kuna mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia masomo mawili tu, kuna aliye VETA Chang'ombe, kuna anayejifunza umakenika gereji bila cheti chochote. Hao wa gereji ni wengi, na dodoso nyingi hazina kisanduku chao.

Kumbukumbu za miaka husaidiwa na mstari wa maisha. Chora mstari kwenye karatasi, weka alama za mambo yanayokumbukwa na wote: mwendokasi kuanza 2016, shule kufungwa kwa korona Machi 2020, sensa ya Agosti 2022. Mkabidhi kalamu aweke ya kwake: darasa la saba, kuhamia kwa shangazi, kazi ya kwanza. Dakika kumi tu, na unapata mlolongo ambao maswali thelathini hayawezi kuutoa.

Dodoso zima lisizidi dakika 25. Abiria akiita, bodaboda amekwenda.

6. Wadodosaji na ridhaa

Siku tatu za mafunzo, ya tatu iwe majaribio kwenye mtaa usiokuwa kwenye sampuli. Wape KoboToolbox au ODK, programu za kujazia dodoso, kwenye vishikwambi, zote hufanya kazi bila intaneti hadi watakapofika kwenye mtandao. Vizibao vyenye nembo ya mfadhili viacheni ofisini. Halmashauri hukopesha asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mtaani mtu yeyote mwenye orodha na kalamu anadhaniwa ameleta fomu za huo mkopo. Kijana anayedhani anaomba mkopo atajifanya maskini zaidi au mjasiriamali zaidi, kutegemea anachohisi unakitaka. Sema wazi mwanzoni: hakuna mkopo, hakuna jina litakalopelekwa popote.

Kwa aliye chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi na yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba mzazi akisharidhia hukaa hapohapo. Kwenye nyumba za kupanga mama anapikia mlangoni, mazungumzo yote anayasikia. Mdodosaji wangu mmoja, dada mpole sana, alikuwa na namna yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mama, naomba nikae na mdogo wangu pale chini ya mwarobaini, utatuona muda wote." Mama anawaona, hasikii kitu, na hajisikii kafukuzwa kwake. Niliwafundisha wengine wote.

Kila mdodosaji awe na namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, na ajue Dawati la Jinsia na Watoto lililo karibu kwenye kituo cha polisi. Usipoandaa hili, siku binti atakapoeleza anayofanyiwa nyumbani, mdodosaji atabaki amekodoa macho kwenye kishikwambi.

Jioni pitia muda wa kila dodoso. La dakika 25 lililoisha kwa dakika tisa lina maelezo yake. Pigia simu mmoja kati ya kila kumi waliohojiwa. Namba za simu zihifadhiwe faili tofauti na majibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, nayo haitofautishi kampuni kubwa na mshauri mwenye kompyuta mpakato moja.

7. Majadiliano ya vikundi

Watu sita hadi wanane, mabinti peke yao, wavulana peke yao, na umri usipishane sana. Usifanyie ofisi ya serikali ya mtaa. Nauli na soda toa mwishoni bila kutangaza mapema, la sivyo kikundi cha wanane kitakuwa na watu ishirini na watatu. Akitokea msemaji wa kijiwe anayejibu kwa niaba ya wote, mpe kazi ya kuandika kwenye karatasi kubwa. Mkono ukiwa na kazi, mdomo hupungua.

8. Uchambuzi, ripoti na hela yako

Jedwali la kwanza la ripoti liwe la watu ambao hukuwapata: wangapi walirudiwa mara tatu, wa umri gani, wa jinsia gani. Wateja hawalipendi. Liache hapohapo.

Kwenye bajeti kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa ada ya huduma, na uwe na TIN, namba ya mlipakodi, kabla ya kusaini. Kazi za taasisi za umma hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo jisajili hata kama leo huna zabuni. Malipo ya mwisho yasifungwe na neno "ripoti kukubalika" bila idadi ya siku za kutoa maoni. Niliwahi kusubiri miezi saba maoni ya aya mbili.

Weka pia fungu la mrejesho, siku moja kwa kila kata. Kodi viti, wekeni turubai uwanjani jioni, wasomee vijana walichosema na uwaache wabishe. Watabisha kweli, na maneno yao yatarekebisha sura moja nzima ya ripoti. Halafu mmoja atanyoosha mkono kutoka nyuma, aliyekaa juu ya pikipiki yake, na kuuliza, "Sasa mkopo unatoka lini?" Kwa hiyo mwalike afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkalishe mbele, na namba yake ya ofisi iwe imeshaandikwa ubaoni kabla kikao hakijaanza.